Maswali yenu: Ben Ainslie, bingwa wa mbio za matanga

Tulipomtaja Mwingereza Ben Ainslie kuwa hakuna mwanamashua mwenye dhahabu nyingi za Olimpiki kumzidi (nne, na fedha moja), maswali yalimiminika. Haya ni baadhi.

Eti dhahabu ya Sydney aliipata kwa kwenda taratibu? (Msomaji, Lamu)

Kweli. Katika mbio hizi nafasi unayoshika ndiyo pointi zako: wa kwanza 1, wa kumi 10. Mwenye pointi chache ndiye bingwa, na matokeo yako mabaya kabisa hufutwa. Mwaka 2000, kabla ya mbio ya mwisho ya mashua za Laser, Mbrazili Robert Scheidt alikuwa mbele. Ainslie hakuwa na haja ya kushinda, maana matokeo yake mabaya yangefutwa. Alitaka tu Scheidt amalize nje ya 20 wa kwanza. Basi akamganda tangu mwanzo. Akamkalia upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, tanga lake likamzibia mwenzake upepo. Scheidt akigeuza, naye anageuza. Wengine wakaenda zao, hawa wawili wakabaki nyuma wakisumbuana. Scheidt akajaribu kuponyoka, mashua zikagongana, na mwishowe akaenguliwa.

Wapo walionuna. Mimi sioni ubaya, maana sheria inaruhusu kumzuia mpinzani, na Scheidt ndiye aliyemfunza. Mwaka 1996 huko Savannah, kwenye mbio ya mwisho ya Michezo ya Atlanta, Scheidt aliwahi kuvuka mstari kabla ya ishara, na Ainslie, kijana wa miaka 19, akamfuata. Wote wawili wakaondolewa, na dhahabu ikabaki kwa Scheidt aliyekuwa akiongoza.

Kwa nini aliiacha Laser?

Uzito. Alihamia Finn, mashua nzito inayotaka mtu mzito wa kuning'inia ubavuni isilale. Ainslie akala, akanyanyua vyuma, akaongeza kilo zaidi ya 15. Dhahabu za 2004, 2008 na 2012 zote ni za Finn.

Ni kweli ana hasira?

Akiwa majini, ndiyo. Mwaka 2011, kwenye ubingwa wa dunia huko Perth, aliona mawimbi ya boti ya wapiga picha yamemharibia mbio. Alipomaliza akajitosa, akaogelea hadi kwenye boti ile, akapanda kugombana nao. Akafutiwa mbio mbili na ubingwa ukamponyoka.

Mwaka uliofuata, kwenye mbio za Olimpiki ya London huko Weymouth, Mdenmark Jonas Høgh-Christensen alimtangulia karibu wiki nzima. Wapinzani walipodai kuwa Ainslie amegusa boya, alisema waziwazi kwamba wamemkasirisha. Walimaliza wakiwa na pointi 46 kila mmoja! Kilichoamua ni mbio ya mwisho: Ainslie wa tisa, Mdenmark wa kumi.

Na Kombe la Amerika?

Hilo ni shindano la timu za mashua za matanga. Amelitwaa, ila na Wamarekani. Mwaka 2013 huko San Francisco, timu ya Oracle ilikuwa ikichapwa na New Zealand ilipomwingiza kama mpanga mbinu. Kutoka 8–1 nyuma, wakashinda 9–8.

Kwa Waingereza wenyewe kombe hilo ni kidonda: hawajawahi kulitwaa tangu lianze mwaka 1851. Ainslie aliwafikisha fainali mwaka 2024 huko Barcelona, mara yao ya kwanza tangu 1964, wakafungwa 7–2 na New Zealand walewale.