Elfu sitini ya mwaka 2018 haitoshi tena. Naweza kurudi mahakamani?

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama lishe, naishi Mbagala. Mwaka 2018 mahakama ilimwamuru baba wa binti yangu atoe shilingi 60,000 kila mwezi. Hatukufunga ndoa. Mtoto alikuwa na miaka miwili, na baba yake alikuwa kibarua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sasa binti yuko darasa la nne, ana pumu, na baba yake ana duka lake mwenyewe Tegeta, ana mke na watoto wawili. Pesa anatuma, sikatai, ila ni ileile. Nikimgusia kuongeza ananijibu, "Hakimu alishasema." Dada yangu ananiambia nimzuie asimwone mtoto mpaka aongeze. Nifanyeje?
Mama wa Mbagala

Marahaba mwanangu.

Hakimu alisema, ni kweli, ila alisema kwa hali aliyoikuta mwaka 2018. Amri ya matunzo inaweza kubadilishwa, na mwenye haki ya kuomba ibadilishwe ni pamoja na wewe unayeishi na mtoto. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna jambo limempunguzia mtoaji uwezo wa kupata riziki, watoto wengine anaowahudumia, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Yapime hayo kwa maisha yako, uone ni lipi limebaki kama lilivyokuwa binti akiwa na miaka miwili.

Wala usijione mwenye tamaa. Zamani mwanamke aliyezaa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, hata baba awe tajiri wa namna gani. Sheria ya mwaka 2009 ndiyo iliyoifuta. Mahakama sasa inaweza kupanga kiasi kwa kuangalia mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi, na wewe ukiomba hivyo hujavuka mpaka wowote.

Lakini kabla hujapanda daladala kwenda mahakamani, kaa na daftari. Andika kila unachotumia kwa binti, mwezi mzima, siku kwa siku. Shule ya serikali haina ada, sawa, ila kuna sare, viatu, madaftari, chakula cha shule, nauli, twisheni kama anakwenda. Dawa za pumu ziandike peke yake, na risiti za duka la dawa uzibane hapohapo kwenye ukurasa. Tafuta karatasi ya hospitali inayoonyesha ugonjwa wake. Omba kwa kampuni ya simu taarifa ya miamala ionyeshe alichokutumia. Usiongeze chumvi hata kidogo. Mama akiandika kilo tatu za nyama kwa wiki kwa mtoto mmoja, hakimu anaanza kutilia shaka mpaka dawa ambazo ni za kweli.

Kisha mjaribu mwenyewe kwanza, kwa maandishi. Mtumie ujumbe mfupi usio na hasira: "Baba Fulani, dawa na shule ya mtoto mwezi huu vimefika kiasi hiki, risiti ninazo. Naomba tuzungumze kuhusu kuongeza matunzo." Usitaje duka lake, usimtaje mke wake. Akikubali, msiishie kwenye simu. Nendeni mahakamani makubaliano yaandikwe kuwa amri, maana ahadi ya mdomo akiivunja baada ya miezi mitatu utabaki na elfu sitini yako.

Akikataa au akikaa kimya, chukua nakala ya ile amri ya 2018 urudi kwenye mahakama iliyoitoa. Mwambie karani unataka kuomba mabadiliko ya amri ya matunzo. Maombi yanahitaji maelezo ya kilichobadilika, na hapo ndipo daftari lako litafanya kazi. Pitia pia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, kwa sababu mahakama inaweza kumtaka aandike taarifa ya hali ya mtoto na wazazi. Kama kuandika maombi kunakutisha, TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) na WLAC (Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake) wanatoa msaada wa kisheria bure kwa wanawake wasio na uwezo.

Sasa nikuambie na lisilopendeza. Kipato chako cha mama lishe nacho kitaulizwa, kwa hiyo usikifiche. Naye atasema ana watoto wengine wawili, na mahakama italipima hilo kwa sababu wale nao wanakula. Kuwa na watoto wengine hakumfuti binti yako. Ila ukiingia ukidai laki tatu huku daftari linasema laki na nusu, utajiharibia mwenyewe. Na kwa sababu anatuma kila mwezi bila kukosa, liseme hilo mbele ya hakimu kwa mdomo wako.

Kuhusu ushauri wa dada yako, nakusihi usiufuate. Kumwona baba yake ni haki ya mtoto, na haiuzwi kwa matunzo. Ukimfungia mlango, siku ya kusikilizwa yeye ndiye atakuwa mlalamikaji, na swali la dawa litazama kwenye ugomvi wa nani kamzuia nani. Mwache aje, hata wiki ambayo mmejibizana vibaya.

Usichelewe pia. Kila mwezi unaopita bila maombi ni mwezi mwingine wa kiwango cha 2018. Amri yenyewe hukoma mtoto akifikisha miaka 18, ingawa mahakama inaweza kuiendeleza akiwa bado masomoni, kwa hiyo mbele yenu bado kuna safari.

Jambo moja hukuliuliza, ila nimeliona likiwaumiza watoto wengi. Usimpe binti simu amwambie baba yake, "Mama anasema utume hela." Ana miaka kumi. Akiongea na baba yake waongee ya shule na ya mpira, au wacheke tu. Hela mdai wewe, kwa namba yako.