Mchapishaji anataka nilipe

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, niliyoiandika usiku hapa Ngamiani, Tanga, katika madaftari manne. Mchapishaji mmoja anataka nigharimie uchapaji. Je, ni sawa?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe hata senti kabla ya kusoma mkataba, kwa kuwa mchapishaji anayeiamini kazi yako hubeba mwenyewe gharama za uhariri na uchapaji, kisha hukulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, kwa nakala zinazouzwa, lakini anayedai fedha zako anakuuzia huduma tu, na maboksi ya vitabu huweza kuishia chini ya kitanda chako. Kwanza piga taipu mswada wa madaftari yako, umpe msomaji mkali. Fikiria pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hakimiliki usiiuze.