Uliniuliza mahakama zimetusaidia nini

Mwanangu,

Juzi tulipokuwa tukizungumza habari za Goma uliniuliza, "Mama, hizi mahakama za kimataifa zimewahi kutusaidia nini?" Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita hapa Kisangani. Mji si wao, vita si vyetu. Kongo ilikuwa imeshaishtaki Uganda tangu 1999 kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, Uholanzi. Tarehe 1 Julai 2000 majaji waliamuru pande zote zijizuie na mapigano. Hata hivyo Ituri, kule kaskazini-mashariki mwa Kongo, iliendelea kuungua miaka mingine. Kwa hilo hasira yako ni ya haki.

Hukumu ilitoka Desemba 2005: Uganda ilivunja sheria, iliikalia Ituri, na askari wake walipora mali zetu. Na Kongo ikaambiwa kosa lake, kwa waliyotendewa Waganda kwenye ubalozi wao Kinshasa. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini wale majaji.

Na Rwanda je? Mahakama ile haihukumu nchi isiyokubali kuhukumiwa nayo. Uganda ilikuwa imekubali zamani, Rwanda haikukubali kamwe. Februari 2006 majaji wakasema hawana mamlaka. Mji mmoja, siku zilezile sita, majeshi mawili. Moja likahukumiwa, jingine kesi yake haikusikilizwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa Kongo imeipeleka Rwanda kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 2025 majaji wakasema safari hii mamlaka wanayo. Tuisubiri.

Lakini ninachotaka ukishike ni fidia. Mwaka 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Sehemu kubwa ya dai ilianguka kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Watu walizikwa haraka, nyumba zikaungua na karatasi zake, na hakuna aliyekaa akaandika nani kafa, wapi, siku gani. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tulijua kulia tu.

Kwa hiyo ukirudi kambi ya Nakivale, Uganda, wiki ijayo kuwaona wakimbizi wetu, beba lile daftari gumu nililokupa. Mtu akikusimulia, na akiridhia, andika kijiji, tarehe, na nani mwingine aliona.

Mama yako