Kifaa cha Goti Kikiteleza, Usikimbilie Kukaza Mikanda

Waliowahi kuvaa kifaa cha kushikilia goti wanalijua tatizo hili: kinashuka. Unakifunga vizuri, unatembea kidogo, kumbe kimeshafika kwenye shavu la mguu. Hapo karibu kila mtu hukaza mikanda. Mimi nilivaa kifaa chenye bawaba za pembeni kwa miezi kadhaa baada ya kano za goti kuumia, na ningependa mvaaji na mtengenezaji wote walielewe jambo moja: kukaza hakuzuii kuteleza, na madhara mengi ya vifaa hivi huanzia hapo.

Pitisha kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti. Utagusa nundu ya mfupa. Hicho ni kichwa cha ule mfupa mwembamba wa mguu, na neva inayouwezesha wayo kunyanyuka hupita hapo hapo, ikizunguka shingo ya mfupa huo, imefunikwa na nyama kidogo sana. Kifaa kikishuka, mkanda au ukingo wa plastiki unaweza kutua juu yake. Kwangu ilianza ganzi kwenye mgongo wa wayo, kisha ncha ya kiatu ikawa inakwaruza sakafu. Neva hiyo ikibanwa kwa muda mrefu, wayo unaweza kulegea na kushindwa kunyanyuka kabisa. Ganzi ya namna hiyo si jambo la kuvumilia hadi kesho.

Fundi aliyekipima upya hakuongeza mkanda hata mmoja. Alinikalisha ukingoni mwa kiti nikiwa nimekunja goti, akatazama bawaba zimekaa wapi, akazipandisha. Goti halijikunji kama mlango unaozunguka mahali pamoja. Mfupa wa paja huviringika na kuteleza juu ya mfupa wa muundi, kwa hiyo kitovu cha mzunguko nacho huhama. Bawaba ikikaa chini ya mahali pake, kila hatua kifaa hushindana na mguu na kujisukuma chini. Katika vifaa vingi bawaba hukaa usawa wa katikati ya kilegesambwa, yaani kifupa cha mbele ya goti, nyuma kidogo ya mstari wa katikati wa ubavu wa goti. Fuata maelekezo ya kifaa chako, maana miundo hutofautiana.

Mpangilio wa kufunga nao una uzito wake. Kwenye vifaa vingi vya aina hii, mkanda wa kwanza ni ule ulio juu ya shavu la mguu, chini tu ya goti, kwa sababu ndio unaokamata umbo la mguu na kukizuia kifaa kisishuke. Mingine hufuata. Watengenezaji wangeichapa namba mikanda yote, kubwa na za kudumu, badala ya kuziacha kwenye karatasi inayopotea siku ya kwanza. Waweke pia alama za kupimia kwenye mkanda, ili mvaaji aone jana alifunga wapi na leo mguu umevimba kiasi gani. Na kifungo cha mkanda kifunguke kwa mkono mmoja dhaifu: wengi wanaohitaji vifaa hivi wana baridi yabisi ya vidole.

Kuhusu ngozi, vijitabu husema tazama wekundu usioisha ndani ya nusu saa baada ya kuvua. Ushauri mzuri, lakini umeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Gusa kwa mgongo wa mkono utafute joto, ugumu, uvimbe au maumivu, na angalia sehemu iliyogeuka kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau. Maelezo hayo yanapaswa kuwemo katika kila kijitabu.

Neoprini, ule mpira laini wa sponji, huhifadhi joto na jasho, na baadhi ya kemikali zinazotumika kuutengeneza huleta mzio. Upele unaofuata umbo la kifaa ni dalili ya kutosha. Soksi nyembamba ya pamba isiyo na mikunjo husaidia kwa jasho, ila mwenye mzio abadilishe kifaa chenyewe.

Kuna kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, ISO 22523 cha 2006, kinachogusia uimara, malighafi na maelezo anayopewa mtumiaji. Lakini katika Umoja wa Ulaya, chini ya kanuni ya vifaa tiba namba 2017/745, vifaa vingi vya aina hii viko daraja la kwanza, la hatari ndogo, ambako mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetangaza kuwa ametimiza masharti. Ndiyo maana malalamiko ya mvaaji yana thamani kubwa. Kikikuumiza, piga picha ya alama kwenye ngozi kifaa kikiwa kando, andika namba ya toleo iliyo kwenye lebo, upeleke kwa mtengenezaji na kwa mamlaka ya vifaa tiba.

Shavu la mguu likivimba, likiwa la moto na linauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa mguu usiotembea sana huweza kuganda damu ndani ya mishipa. Ukianza kukosa pumzi au kifua kikauma, hiyo ni dharura. Na kama umefanyiwa upasuaji na kifaa kimefungwa kisikunjike, usikivue kabla hujazungumza na daktari wako.