Kabla ya Bango, Shika Daftari

Usiku wa kwanza niliandika mstari mmoja tu: saa nne na dakika ishirini, harufu ya plastiki inayoungua, upepo unatoka bondeni, mtoto amekohoa mpaka akatapika. Kisha nikabaki na kalamu mkononi, nikijiuliza mstari kama huo utamsaidia nani.

Wakati huo tulikuwa tumeshapiga kelele karibu mwaka mzima kuhusu moshi uliokuwa ukiingia mtaani kwetu. Tuliandamana mara mbili, tukashika mabango, tukapigwa picha. Tulipoitwa ofisini, afisa aliyetupokea alifungua kabati, akatoa jalada jembamba, akatuambia hakuna lalamiko hata moja la maandishi lililowahi kufika pale. Iliniuma, kwa sababu alikuwa akisema kweli. Yote tulikuwa tumeyasema kwa mdomo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupigania mazingira ya mtaani kwako, nakusihi uanze na daftari. La kawaida tu, lenye safu tano: tarehe, saa, ulichokiona au kukinusa, upepo unatoka wapi, nani ameathirika na vipi. Andika siku hiyo hiyo. Ukisubiri wiki utaandika hasira yako badala ya kilichotokea. Andika pia siku ambazo hakuna kitu, maana shahidi anayesema kila siku ni mbaya haaminiki. Usiandike "sumu" kama hujapima. Andika "moshi mweusi, macho yanawasha," inatosha. Kwetu alikuwepo bibi mmoja asiyejua kusoma. Yeye alichora duara jeusi kwa usiku wa moshi na duara tupu kwa usiku mwema, na kwa miezi mitatu hakuruka usiku hata mmoja. Hakuna daftari lililokuwa kamili kama lake, langu likiwemo.

Sisi sote tulikuwa na hakika kwamba mkosaji ni kiwanda chenye bomba refu upande wa pili wa barabara. Mabango yetu yote yalikitaja. Tulipoyapanga madaftari mezani na kulinganisha tarehe, tuliona kwamba usiku uliokuwa mbaya kuliko yote ni ule ambao kiwanda kilikuwa kimefungwa na upepo ukitoka bondeni. Huko vijana walikuwa wakichoma nyaya za umeme ili wapate shaba iliyo ndani. Ganda la nyaya nyingi ni plastiki ya PVC, nayo ikiungua hutoa gesi yenye asidi pamoja na dioksini, kemikali ambazo hukaa mwilini kwa miaka.

Hapa ndipo umoja wetu ulipokaribia kuvunjika. Wapo waliotaka tuwatimue vijana wale usiku ule ule. Lakini wale ni watoto wetu, na moshi ule waliuvuta wao kwa karibu kuliko yeyote. Faida nayo ilikwenda kwa mnunuzi aliyekuja na gari asubuhi. Ukidai hewa safi kwa kumnyima riziki aliye maskini kuliko wewe, mzigo haujatua, umeutwika kichwa kingine. Tukawaita kwenye kikao, tukakubaliana kwamba wao ndio watakaosema kwanza. Kijana mmoja alikunjua viganja vyenye makovu ya moto, akasema nyaya nene zinamenyeka kwa kisu, ila kazi hiyo inakula muda, na mnunuzi halipii muda. Shaba iliyomenywa hung'aa na bei yake huwa nzuri kuliko iliyoungua, lakini tofauti hiyo vijana hawakuwahi kuiona. Agbogbloshie, eneo la vyuma chakavu jijini Accra, Ghana, waliwahi kuletewa mashine za kumenya nyaya, na bado uchomaji haukwisha, kwa kuwa moto una haraka zaidi. Ndiyo maana dai letu likahama kutoka kwa vijana na kumwelekea mnunuzi.

Sisemi maandamano hayana kazi. Mwaka 1982, huko Warren County katika jimbo la North Carolina, Marekani, watu walilala barabarani kuyazuia malori yaliyobeba udongo wenye PCB, kemikali za sumu za viwandani, kuelekea kwenye dampo karibu na jamii ya watu weusi. Zaidi ya 500 walikamatwa, na dampo likajengwa hata hivyo. Lakini mwaka 1987 kanisa la United Church of Christ likatoa utafiti uliohesabu maeneo ya taka hatari nchi nzima, ukaonyesha kwamba yalifuata rangi ya wakazi kuliko kitu kingine chochote. Miamko hiyo miwili, ya barabarani na ya hesabu, ilihitajiana. Wangari Maathai naye, mtetezi wa mazingira wa Kenya, alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989, aliandika barua kwa ofisi baada ya ofisi, huku akitukanwa hadharani.

Kuhusu barua: peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi na yenye afya kuwa haki ya binadamu, kwa kura 161. Azimio hilo peke yake halimfungi mtu mahakamani, lakini katiba nyingi zina ibara inayosema jambo hilo hilo. Itafute yako, uinukuu katika aya ya kwanza. Nakala za madaftari ziwekwe nyumba mbili tofauti. Fedha za kikundi zisomwe mbele ya wote kila kikao, hata zikiwa kidogo.

Tuliporudi ofisini, bibi tulikwenda naye. Afisa alifunua kurasa zake pole pole, akauliza duara jeusi maana yake nini. Nikataka kujibu, bibi akanigusa mkono. Akaeleza mwenyewe, usiku mmoja baada ya mwingine, na afisa akawa anaandika.

Wiki mbili baadaye mkaguzi alishuka bondeni, tena usiku, kama tulivyoomba. Uchomaji umepungua sana. Malipo kamili ya shaba safi vijana bado hawayapati, na ndiyo barua tunayoiandika sasa, wao wakiitamka na mimi nikiandika.