Usibandike paneli za sponji kabla hujapima unyevu wa ukuta

Usinunue. Kama umeshanunua, usifungue boksi, na kama boksi limeshafunguliwa, usibandue karatasi ya nyuma, kwa maana hakuna duka litakalopokea paneli ambayo gundi yake imeshaguswa na vumbi. Umeandika kwamba umepanga nyumba Kigamboni, si mbali na bahari. Kwamba ukuta mrefu wa sebule uko mtupu na unakukera. Kwamba kuanzia sakafuni hadi karibu na soketi rangi imevimba na kuna unga mweupe unaorudi kila ukiufuta. Na kwamba umepata paneli za sponji zenye sura ya matofali, zile za kujibandika, ambazo muuzaji amekuhakikishia kuwa zinaficha kila kitu. Umeuliza pia kuhusu korido, chumba cha watoto na rangi ya mapazia. Hayo tuyaweke kando kwanza. Tuanze na huo unga mweupe, ambao katika maelezo yako yote umeupa nusu sentensi, ilhali ndio utakaokula fedha zako.

Mimi nilibandika paneli za aina hiyo hiyo juu ya unga wa aina hiyo hiyo, katika nyumba ya kupanga upande wa Kunduchi. Nilibandika mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na ukuta ukiwa mkavu kabisa kwa kuugusa. Sebule ilipendeza kiasi kwamba wageni walikuwa wakiyabonyeza yale matofali kwa kidole ili wahakikishe kuwa ni ya uongo, nami nilikuwa nikiwaacha wabonyeze, nikijifanya nimechoka kueleza. Masika yalipoanza, kitu cha kwanza kuja kilikuwa harufu. Nililaumu zulia, nikalianika; nikalaumu viatu vya watoto, nikavihamishia barazani; nikamlaumu hata paka, ambaye hadi leo sijamwomba radhi. Kisha safu ya chini ya paneli ikaanza kujikunja pembeni, na nilipoivuta kidogo ili niipake gundi upya, nikakuta nyuma yake ukungu mweusi umetanda kutoka kona hadi kona.

Hapo bado sijafika kwenye hasara. Hasara ilianza nilipoamua kuzibandua zote. Gundi ya paneli hizi hushika rangi kwa nguvu kuliko rangi inavyoushika ukuta, hasa ukuta ambao chumvi imeshaulegeza kwa ndani, na kwa hiyo kila paneli iliondoka na rangi, na unga wa jipsamu uliolainishia ukuta, na mahali pengine na lipu yenyewe hadi tofali likaonekana. Mwenye nyumba alikuja, akatazama, hakupandisha sauti hata kidogo, akaniambia tu kwamba ukuta wote upigwe lipu upya, na kwa kuwa rangi mpya haiwezi kufanana na ya zamani, kuta tatu zilizobaki nazo zipakwe. Ukijumlisha paneli, mchanga, saruji, fundi wa lipu, fundi wa rangi na siku ambazo familia ililala kwa shemeji kwa ajili ya vumbi, nilitumia zaidi ya kodi ya miezi mitatu ili nirudishiwe ukuta mtupu kama niliokuwa nao mwanzo. Asitokee mtu hapa wa kuniuliza kwa nini sikuliona jambo la wazi kama hilo. Nimesoma, ila sikusomea kuta.

Tena kabla ya paneli kulikuwa na fundi, na yeye namtaja kwa hasira kuliko muuzaji. Nilipomwonyesha ule unga alisema dawa yake ni kupaka rangi ya mafuta ili kuufungia ndani, akapaka hadi usawa wa kiuno, akachukua ujira wake, akaondoka. Maji yaliyomo ukutani hayakumsikia. Ukuta uliojengwa kwa matofali ya saruji hunyonya maji kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya tofali na vya udongo wa kujengea, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, na maji hayo hupanda hadi mahali yanapoweza kukauka kwa kutokea juu ya uso wa ukuta. Katika nyumba iliyojengwa vizuri, juu ya msingi huwekwa tabaka la nailoni nzito au kitu kingine kisichopitisha maji ili kuukata mfereji huo. Katika nyumba nyingi za kupanga tabaka hilo halikuwekwa, au liliwekwa likatobolewa siku hiyo hiyo. Ukiziba sehemu ya chini kwa rangi ya mafuta, maji hayarudi ardhini, bali yanatafuta njia juu ya pale ulipoishia kuziba. Ndiyo maana baada ya kazi ya yule fundi unga wangu ulihama kutoka usawa wa goti ukafika juu ya kiuno, nami nikaona ni heri niufunike kwa paneli, ambazo nazo ni plastiki isiyopitisha mvuke. Yaani nilimlipa mtu anizibie ukuta, kisha nikanunua kwa fedha zangu kitu cha kuuziba zaidi.

Unga mweupe wenyewe ni chumvi. Maji yanapopanda huyeyusha chumvi zilizomo ardhini, kwenye saruji na kwenye mchanga, na yanapokauka yanaziacha hapo juu zikiwa fuwele ambazo, zikikua chini ya rangi, huisukuma hadi ivimbe na kupasuka. Kwenu huko pwani tatizo ni kubwa zaidi pale mtu alipojengea mchanga wa ufukweni bila kuuosha, kwa sababu chumvi ya bahari huvuta unyevu hata kutoka hewani, na ukuta wa namna hiyo unaweza kutoa jasho siku ambayo mvua haijanyesha. Usiufute unga huo kwa kitambaa chenye maji, kama ulivyosema umekuwa ukifanya. Maji huuyeyusha, ukuta unaunyonya tena, na wiki inayofuata mnakutana. Upige brashi kavu, ukusanye vumbi lake kwenye karatasi, ulitupe nje.

Sasa huyo muuzaji. Wangu alikuwa na duka zuri Kariakoo, lenye paneli zimebandikwa kwenye ubao mkavu, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ghorofani, umbali wa kutosha kutoka kwenye udongo wowote ule. Nilipomuuliza kuhusu unyevu alinimwagia maji juu ya paneli, yakateleza, akasema "unaona, haziingii maji". Ni kweli, haziingii maji kwa mbele. Mimi nilikuwa nauliza habari za nyuma. Na zile video za watu wanaobadilisha sebule nzima kabla chai haijapoa, ambazo nadhani ndizo zilizokufikisha hapa, nyingi hurekodiwa siku ya kubandika, na sijawahi kukutana na hata moja ambayo mwenyewe amerudi mwezi wa Mei kutuonyesha kona za chini.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, pima. Kata vipande vitatu vya nailoni angavu, kila kimoja kiwe na upana na urefu wa kama rula mbili za shule. Piga brashi kavu ukutani, kisha bandika kipande kimoja karibu na sakafu, cha pili usawa wa kiuno na cha tatu juu ya kichwa chako, ukizungushia selotepu pana pande zote nne bila kuacha mwanya hata wa sindano. Pasipo na unyevu mwingi selotepu itashika. Ikigoma kushika kabisa kwa sababu uso wa ukuta unamung'unyika, umeshapata jibu na unaweza kuacha kupima. Viache vipande hivyo siku nzima na usiku wake, au siku mbili ukiweza kuvumilia maswali ya majirani, kisha utazame. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, yale ni mvuke wa chumbani, labda wa kupika au wa nguo zilizoanikwa ndani, na dawa yake ni kufungua madirisha. Kipande cha chini kikilowa na cha juu kikabaki kikavu, unyevu unapanda kutoka ardhini. Vyote vitatu vikilowa, au kikalowa cha juu peke yake, kuna jambo jingine: bomba la bafuni linalopita nyuma ya ukuta huo, bati linalovuja, au mfereji wa paa unaomwaga maji ukutani. Na usipime mwezi wa Januari au Februari ukaridhika. Pwani yetu masika huanza Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kipimo cha msimu wa mvua ndicho cha kuamini, na kile cha kiangazi ukichukue kama salamu tu.

Na hata kipimo kikikuambia ukuta ni mkavu, katika nyumba ya kupanga iliyo karibu na bahari sheria yangu ni moja, tundika, usibandike. Kitu kilichotundikwa huacha hewa ipite nyuma yake, ukuta unakauka, nawe siku ya kuhama unakiondoa kikiwa kizima na unabaki na matundu mawili ya msumari, ambayo huzibwa kwa kijiko kimoja cha jipsamu.

Kwa ukuta mrefu kama huo wako, kitu rahisi kuliko vyote ni khanga. Doti moja ina vipande viwili, na kila kipande ni kitambaa chenye upana wa zaidi ya mita moja na urefu wa kama mita moja na nusu, chenye pindo pande zote linalojifanyia fremu lenyewe. Hakuna picha ya ukubwa huo utakayoipata kwa bei hiyo. Ifue kwanza na uipige pasi, kwa sababu khanga mpya ina wanga unaoifanya isimame, na ukiitandaza bila kuifua italegea baadaye. Mwambie seremala akupigie fremu ya mbao nyembamba, kama zile zinazotumika kwa nyavu za dirishani, ivute khanga juu yake ukianzia katikati ya kila upande kuelekea kwenye kona, na uishike kwa nyuma kwa pini za stepla. Kisha kata kandambili chakavu vipande vinne vidogo, uvigundishe kwenye kona za nyuma za fremu, ili isilale juu ya ukuta. Vipande hivyo vya mpira ndivyo vitakavyoiokoa, kwa sababu pamba ikigusa ukuta wenye unyevu huota madoadoa meusi yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Tumia misumari ya zege, uipige juu ya mstari ambao kipimo chako kimeonyesha kuwa mkavu, na usiipige juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka, maana nyaya hupita humo. Ah, na soma jina la khanga kabla ya kuitundika. Mimi nilivutiwa na rangi, nikatundika, na wifi yangu alipoketi mbele yake na kuisoma mara mbili, mazungumzo yalipungua sana jioni hiyo.

Mikeka ya ukili na nyungo hupendeza pia zikipangwa kwa ukubwa tofauti, ila ni majani, na majani hupenda ukungu kuliko hata pamba, kwa hiyo vipande vya mpira ni lazima na zisishuke chini ya kiuno. Ukijua kuchora, au ukiwa na mtoto anayejua, nunua hadibodi na rangi za mafuta za makopo madogo. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza hivyo hivyo hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, na hakuna anayeziita kazi zake za kubahatisha. Hadibodi hufura ikinyonya maji, basi ipake rangi hata upande wa nyuma na kwenye kingo kabla ya kuitundika.

Sehemu ya chini yenye unga usiifiche. Iache ipumue, sogeza kochi sentimita kadhaa kutoka ukutani, na mwenye nyumba akikubali, ikwanguliwe rangi yote iliyovimba na ipakwe chokaa, ambayo hupitisha mvuke. Lakini chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta wala ya plastiki, kwa hiyo asije fundi akakudanganya kwamba ataipaka juu kwa juu. Kinga macho wakati wa kuikoroga, maana huunguza.

Kisha toka nje uutazame ukuta huo huo kwa upande wa pili. Kama udongo au bustani imerundikwa juu ya usawa wa sakafu ya ndani, hapo ndipo maji yanapoingilia, na jembe la jirani litakusaidia kuliko paneli zote za Kariakoo. Ukishapima, andika hapa ni kipande kipi kimelowa na matone yalikuwa upande upi, na uweke picha ya huko nje, nami nitakuambia kama jambo hilo ni la kwako au ni la kumpelekea mwenye nyumba. Mapazia yanaweza kusubiri.