Kabla hujalaumu spika: muziki wa gemu za zamani na kadi yake

"Siyo yenyewe hii," mjomba alisema hata wimbo haujafika mbali. "Ile ilikuwa kali, kama mtu anagonga bati kwa mpangilio. Wewe umeniletea kinanda."

Tulikuwa barazani kwake Mikindani, Jumapili baada ya alasiri, kompyuta mpakato yangu nimeiweka juu ya kigoda. Nilikuwa nimemfungulia Doom, gemu ya zamani ya kupiga risasi. Mjomba huyu ndiye aliyekuwa anashika hesabu za mnunuzi mmoja wa korosho pale Mtwara mjini mwishoni mwa miaka ya 1990, na kompyuta ya ofisini, 486 iliyokwishachoka, ilikuwa inageuka yangu kila ikifika saa kumi jioni. Mimi nacheza, yeye anajumlisha magunia. Kumbe miaka yote ile alikuwa anasikiliza.

Nilitaka kubisha. Ukishakuwa fundi, mzee akikwambia sauti siyo, unaona masikio yake ndiyo yamezeeka. Lakini usiku nyumbani nikairudia kwa hedifoni, nikaona aliyekosea ni mimi. Tangu siku hiyo nimeshaletewa malalamiko ya namna hiyo na watu kadhaa: gemu imewaka, muziki unapiga, ila siyo ule. Na karibu kila mmoja alikuwa ameshaanza kupakua hiki na kile, wakati shida iko mahali pamoja tu pa kawaida: gemu haikuambiwa ipige kupitia kadi gani ya sauti.

Kwanza tuelewane kilichokuwa kinapiga. Muziki wa gemu nyingi za DOS, mfumo wa kompyuta uliokuwepo kabla ya Windows kuenea, haukuwa umerekodiwa kama MP3. Kwenye faili mlikuwa na maagizo: piga noti hii, kwa nguvu hii, sasa acha. Mpigaji alikuwa chipu. AdLib, kampuni ya Quebec huko Kanada, ilitoa kadi yake mwaka 1987 ikiwa na chipu ya Yamaha YM3812, ambayo wenyewe tunaiita OPL2. Mwaka 1989 Creative Labs wa Singapore wakatoa Sound Blaster na kuweka chipu hiyo hiyo, ili gemu za AdLib zipige humo bila kubadilishwa chochote. Ikaja YMF262, yaani OPL3, ambayo utaikuta kwenye Sound Blaster 16 za mwanzo, za mwaka 1992. OPL2 inaweza kutoa sauti 9 kwa mpigo. OPL3 inatoa 18 na inajua kushoto na kulia. Basi. Watunzi walibana nyimbo zao humo.

Namna inavyotengeneza hiyo sauti ndiyo sehemu inayonifurahisha mimi. Umewahi kukaa karibu na mama anayejua kupiga kigelegele? Sauti ya kooni peke yake ni mstari mmoja, mwembamba. Ulimi ndio unaoitikisa. Ulimi ukienda taratibu unasikia mtikisiko mmoja mmoja. Ukishika kasi mtikisiko unapotea, linabaki lile kali linalopenya ukuta, ambalo halikuwa kooni wala ulimini. Njia ya chipu hizi inaitwa FM, na haihusiani na stesheni za redio; si kitu hicho hicho na kigelegele, lakini ni ndugu yake. Wimbi moja linatikisa wimbi jingine, kwa kasi kubwa kiasi kwamba sikio halihesabu tena mtikisiko, linausikia kama chombo kipya. Badilisha uwiano wa mawimbi hayo mawili, badilisha na nguvu ya kutikisa, utapata besi, kengele, filimbi, au lile bati la mjomba. John Chowning aliligundua jambo hili Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967. Yamaha wakachukua leseni, na mwaka 1983 wakauza kinanda cha DX7. Chipu ya kwenye kadi ya gemu ni mdogo wake wa bei nafuu.

Na kama wewe ni kijana unayedhani hujawahi kuisikia, umeisikia. Yamaha walitengeneza pia chipu ndogo za FM za kuwekwa kwenye simu, enzi zile simu ikilia mtaa mzima unajua. Dogo mmoja aliyeleta simu yake kubadilishwa kioo kibandani kwangu Chikongola alisimama akasikiliza, akaniuliza, "Kaka, huo mlio wa simu gani?" Hakuwa mbali.

Sasa turudi kwa mjomba. Windows ina vyombo vyake vya MIDI, yaani vya kupiga maagizo ya noti, ambavyo msingi wake ni sauti za vyombo halisi: gitaa ni gitaa, ngoma ni ngoma. Programu niliyochezea Doom siku ile ilikuwa inapiga kupitia hivyo, na mimi sikuangalia. Sauti ni safi, hata nzuri, na wapo watakaoipenda zaidi. Siwakatazi. Lakini ukitaka ile uliyoikuta ofisini kwa watu ukiwa na miaka kumi na miwili, usafi haukusaidii.

Hapo ndipo inafaa kujua kwamba gemu hazifanani. Commander Keen 4 ya mwaka 1991 na Wolfenstein 3D ya mwaka 1992 zimehifadhi muziki kama maagizo ya moja kwa moja kwa chipu: andika namba hii kwenye rejista ile (kijisanduku cha namba ndani ya chipu), subiri kidogo, andika nyingine. Saa inayopimia kusubiri huko inagonga mara 560 kwa sekunde kwenye Keen, na mara 700 kwenye Wolfenstein. Hakuna habari ya piano wala gitaa humo. Pasipo OPL, au kitu kinachojifanya OPL, muziki haupo kabisa, kwa hiyo huwezi kudanganyika. Doom ya mwaka 1993 ni mjanja zaidi. Noti zimeandikwa kwa jumla, halafu pembeni, ndani ya faili la gemu, kuna orodha ya vyombo 175 vilivyoundwa kwa ajili ya OPL, inaitwa GENMIDI. Ukichagua Sound Blaster gemu inaichukua orodha hiyo. Ukichagua General MIDI, yaani vile vyombo vya kawaida vya MIDI, orodha inalala, na mjomba anakwambia umemletea kinanda.

Lakini usitoke hapa ukaenda kuweka FM kila mahali. Gemu kadhaa za kampuni ya Sierra za mwishoni mwa miaka ya 1980, King's Quest IV ikiwemo, muziki wake ulilenga Roland MT-32, chombo cha bei ghali sana wakati ule. FM ilikuwa ya sisi wengine. Kwa gemu hizo, bati siyo sauti ya asili, ni sauti ya umaskini, hata kama ndiyo unayoikumbuka.

Cha kufanya basi. Mimi natumia DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya kompyuta ya leo, ipo bure. Kabla hujagusa mipangilio yake, ingia kwenye folda ya gemu, tafuta programu ya mipangilio iitwayo SETUP au SETSOUND, uifungue humo humo ndani ya DOSBox. Itakuuliza kadi ya muziki na kadi ya milio, na hayo ni maswali mawili tofauti. Kwenye muziki chagua Sound Blaster au AdLib. Ikitaka anwani mpe 220, IRQ mpe 7, DMA mpe 1, maana DOSBox imewekwa hivyo kutoka mwanzo. AdLib mara nyingi haitakuuliza kitu, anwani yake ni 388 siku zote. Watu wengi hapa wanabonyeza General MIDI kwa sababu jina linasikika la kisasa. Ukitoka salama hapo, kazi kubwa umeshaimaliza.

Kama huna haja ya DOS yote na unachotaka ni Doom tu, chukua Chocolate Doom, programu inayoiendesha Doom bila DOS. Kwenye programu yake ya mipangilio, upande wa sauti, chagua OPL. Dakika mbili.

Ndani ya faili la dosbox.conf, lile la mipangilio ya DOSBox, kwenye sehemu ya sblaster, kuna mstari wa oplmode. Ukiuacha auto unafuata aina ya kadi uliyotaja, na kwa sb16 utapata opl3. Gemu ya zamani zaidi ikilia vibaya, mjaribie opl2. Ile dualopl2 ni ya Sound Blaster Pro ya kwanza, iliyobandikwa OPL2 mbili, moja kwa kila sikio. Usiiguse kama gemu haikuitaja kadi hiyo. Halafu kuna oplrate. Chipu halisi inatoa sampuli 49,716 kwa sekunde, namba ya ajabu lakini ndiyo hiyo, na DOSBox inakubali uiandike, hapo na kwenye rate ya sehemu ya mixer. Mimi tofauti yake naisikia kwenye matoazi tu, na hata hapo labda najidanganya.

Wanaobishana sana wanabishania emuleta yenyewe, yaani ule msimbo unaojifanya chipu. Nuked OPL3 ya Alexey Khokhlov inafuata chipu kwa undani kabisa, na ndiyo iliyomo kwenye DOSBox Staging, toleo jingine la DOSBox. DOSBox-X, toleo jingine tena, nayo unaweza kuiambia itumie nuked. Ni nzuri mno. Ni nzito pia. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea mashine yenye Celeron, prosesa dhaifu, nikamwekea Nuked kwa madaha, nikamkabidhi. Kesho yake asubuhi karudi. "Fundi, muziki unakohoa." Na kweli ulikuwa unakohoa, tena vibaya, kama redio ya shambani betri zikiwa zinaisha. Nilikuwa pia nimeweka cycles=max, yaani kasi ya kuigiza bila kikomo, kwa hiyo DOSBox ilimpa gemu nguvu zote za mashine, muziki ukabaki unaokota makombo. Nikashusha cycles hadi 12000, nikarudisha emuleta ya kawaida ya DOSBox, nikapandisha blocksize, ukubwa wa kipande cha sauti kinachoandaliwa kwa mara moja, kutoka 1024 kwenda 2048. Kikohozi kikapona. Mwalimu hakuona tofauti yoyote ya sauti, na mimi, nikiwa mkweli, kwenye spika za mashine ile sikuiona pia. Kwa hiyo ushauri wangu: mashine yako ikiwa na nguvu, weka Nuked usahau. Ikiwa dhaifu, usijitese.

Jambo jingine ni sabufa. Najua Mtwara hakuna nyumba isiyo nayo. Zima ile besi ya ziada kabla hujahukumu chochote. Sauti za FM zina makali ya juu yanayobeba wimbo, na sabufa iliyofunguliwa mpaka mwisho inayafunika kama turubai. Nilipoteza jioni nzima nikibadilisha mistari ya dosbox.conf, kumbe mtoto alikuwa amezungusha kitufe cha besi kwa ajili ya singeli.

Kuna atakayesema, kwa nini usitafute kadi yenyewe? Nilitafuta. Mashine ya zamani ya ofisi ile ilikuwa bado iko stoo kwa mjomba, imefunikwa gunia, na nyumba yake iko mita chache tu kutoka maji ya ghuba. Nilipoifungua, skrubu mbili zilivunjikia mkononi. Kadi ilikuwepo, ndefu, na chipu ya Yamaha unaisoma maandishi yake ukiipangusa kwa kidole. Lakini meno ya shaba pale inapochomekwa yalikuwa yameota ukungu wa kijani, na miguu miwili ya kapasita ilikuwa imekatika kabisa. Chumvi ya hewa ya kwetu haina haraka, ila haisamehi. Nikaisafisha kwa spiriti na mswaki. Kisha nikakumbuka kwamba kadi ile ni ya ISA, aina ya zamani ya kuchomekea kadi, na ubao mama wenye sehemu ya ISA sina, wala sijui nani hapa mjini anao. Sasa hivi imetundikwa ukutani kibandani, wateja wanadhani ni ya mapambo.

Nilirudi Mikindani wiki mbili baadaye. Safari hii sikubeba kompyuta. Nilimwekea mjomba RetroArch, programu ya kuchezea gemu za zamani, kwenye simu yake pamoja na DOSBox Pure, ile DOSBox ya humo, nikaingiza sehemu ya kwanza ya Doom, ile ambayo wenyewe waliruhusu igawiwe bure, nikachagua Sound Blaster kwenye SETUP. Nikampa hedifoni za waya, kwa sababu za bluetooth zinachelewesha sauti nyuma ya picha.

"Shikamoo mjomba. Hebu sikiliza."

"Marahaba." Akavaa. Akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akavua upande mmoja. "Hii sasa ndiyo. Inajirudia yenyewe, sivyo?"

Inajirudia. Mjomba hachezi. Gemu ikianza anamwacha mtu wake amesimama pale pale chumba cha kwanza, ambapo hakuna adui anayemwona, anaweka simu kando ya kikombe cha kahawa, anafungua daftari la hesabu za kikoba chao, na anaendelea kujumlisha.